Mbolea ya Ruzuku: Je, Jina Lako Limeandikwa?

(Mazungumzo ya Bwana Shamba na wakulima wa mahindi)

Ndugu wakulima,

Leo sitaanza na jembe wala mbegu. Nitaanza na jina. Mbolea ya ruzuku haifiki shambani mpaka kwanza jina la mkulima lifike katika daftari la kijiji.

Ruzuku ni fedha ya Serikali inayolipa sehemu ya bei ya mbolea. Iliyobaki unalipa wewe. Si sadaka, wala si zawadi ya wakubwa wa kijiji. Imetoka katika kodi zetu sote.

Tazameni yaliyopita hapa Tanzania. Tangu msimu wa 2008/2009 hata 2013/2014 Serikali ilitoa vocha za karatasi. Kaya iliyochaguliwa ilipewa vocha za mbegu bora, mbolea ya kupandia na mbolea ya kukuzia, za kutosha eka moja ya mahindi au mpunga. Vocha ililipa karibu nusu ya bei. Waliokusudiwa ni wenye mashamba madogo, na kaya zinazoongozwa na wanawake zilitakiwa kutangulizwa. Kamati ya vocha ya kijiji ndiyo iliyochagua majina.

Kanuni ilikuwa njema. Lakini uchunguzi wa mkoa wa Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba katika kila vocha 100, kama 60 ziliingia katika nyumba za viongozi wa vijiji. Hali ilikuwa mbaya zaidi katika vijiji vya mbali, na pale penye tofauti kubwa kati ya mwenye nacho na asiye nacho. Tena wako waliopata vocha lakini hawakuwa na nusu ya bei. Vocha zao wakaziuza kwa fedha kidogo, na shamba likabaki bila mbolea.

Katika msimu wa 2022/2023 ulianza utaratibu mwingine. Mkulima huandikishwa kijijini kwake, hupata namba yake kwa simu, kisha hununua mbolea kwa wakala kwa bei ya ruzuku. Karatasi imeondoka, lakini daftari lingali lipo, na anayeliandika ni mtu. Basi fanyeni haya:

1. Nenda ukaandikishwe mapema, wewe mwenyewe. Mjane asingoje shemeji amsemee.

2. Taja eka unazolima kweli. Anayelima eka mbili akasema kumi anamnyang'anya jirani yake.

3. Hudhuria mkutano mkuu wa kijiji. Ombeni majina yasomwe kwa sauti, pamoja na eka za kila mtu. Jina la aliyekufa au la asiyelima likisomwa, semeni palepale, kwa adabu, bila woga.

4. Usimpe mtu namba yako anunulie mbolea. Ni kama kumpa ufunguo wa ghala.

5. Ukivuna, weka kando fedha ya mbolea ya msimu ujao kabla ya sherehe. Ruzuku haimfai asiye na sehemu yake ya kulipa.

Ukiipata, itumie vema. Wakati wa kupanda, tia katika kila shimo kizibo kimoja cha soda cha mbolea ya kupandia, uifunike kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu. Mbegu ikigusa mbolea huungua. Mahindi yakifika magotini, palilia kwanza, kisha tia mbolea ya kukuzia kando ya shina, udongo ukiwa na unyevu. Ukiacha magugu, umeyalisha magugu kwa fedha ya Serikali na yako.

Nanyi viongozi mnaonisikia: daftari ni amana. Andikeni majina yenu kama wakulima wengine, kwa eka mnazolima, wala msizidishe.

Ndugu zangu, wahenga walisema, asiyekuwapo na lake halipo. Siku ya kusomwa majina, uwepo.