Dang'a na Wasia wa Mabibi
Elimu ya kumnyonyesha mtoto, mama wa pwani haanzi kuipata kliniki, bali kwa mamaye, bibiye na mkunga, ambao, wakimlea siku 40 kwa uji wa pilipili manga, humwonyesha namna ya kumpakata mwanawe na kumtia titi kinywani barabara, si ncha ya chuchu peke yake. Hikima hiyo na idumu. Lakini ada ya kuyakamua maziwa ya dang'a, yaani yale ya kwanza baada ya kujifungua, na kuyamwaga, kwa dhana kuwa ni machafu, haina budi kuachwa, kwani ndiyo kinga ya awali ya mtoto. Anyonye ndani ya saa ya kwanza, na maziwa ya mama matupu hadi miezi 6. Enyi mabibi, wasia wenu hutiiwa. Tafadhalini, usieni hivyo.