Mikuyu ya Kahe na Daftari za Maduka Yetu



Tumeombwa tuseme jinsi biashara zinavyoweza kuyasaidia mazingira kwa kupanda miti. Tuanze na deni kabla ya sadaka. Wengi wetu twaishi kwa miti: wenye viwanda vya mbao, wenye mikahawa inayopikia mkaa, wanunuzi wa mpunga na vitunguu vinavyomwagiliwa Kahe. Hata muuza vitambaa huwasha taa, na maji yapitayo Kahe huingia mto Ruvu, hukutana na ya Kikuletwa Nyumba ya Mungu, yakazungusha mitambo ya umeme pale, kisha Hale, kisha Pangani. Tena lipo deni tusilolitaja sana: kila tunapowaaga marehemu wetu kwa moto, kama dini yetu ituagizavyo, twateketeza magogo ambayo hatukuyapanda.

Deni hilo tulijaribu kulilipa, tukashindwa. Tulikwenda Kahe na miche, fulana mpya na bango kubwa, tukapiga picha, tukarudi mjini. Kiangazi kilipofika, mbuzi walikula sehemu yao na jua likamaliza iliyosalia. Bango peke yake lilikuwa limesimama. Jirani mmoja alituuliza kwa upole: “Huko dukani kwenu, huweka mali mkaondoka bila kumwachia mtu funguo?”

Hatukuwa na jibu. Mche hununuliwa kwa fedha kidogo. Gharama imo katika kuulinda kiangazi cha kwanza na cha pili: maji, miiba ya kuzungushia, na ujira wa mwanakijiji atakayeutazama. Gharama hiyo iandikwe katika daftari la biashara kila mwezi, kama uandikwavyo mshahara wa mlinzi wa ghala.

Na mti wauchague wenye ardhi. Safari ile tulibeba mikaratusi, kwa kuwa hukua upesi, tukataka kuipanda karibu na chemchemi. Wenyeji walitukatalia, nao walikuwa na haki, kwani mkaratusi hunywa maji mengi. Wao walitaka mikuyu. Nasi ajabu hatukukumbuka kwamba mkuyu na mti wa pipal, ambao mama zetu huuzunguka kwa sala, ni wa ukoo mmoja!

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli zinazoweza kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Ukanda huo ndio tunaoomba kuupanda, kwa idhini ya serikali ya kijiji na ushauri wa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo ofisi yake iko hapa Moshi. Kila biashara itachukua kipande inachokimudu. Miti itakuwa mali ya kijiji, wala haitabandikwa majina ya maduka yetu. Jambo hili baadhi yetu hawakulipenda, lakini limepita.

Hesabu itasomwa hapa hekaluni mwaka wa tatu, na itakayohesabiwa ni miti iliyo hai tu. Mashimo yachimbwe kabla ya masika. Wenye malori ya kubebea samadi na miche tunawaomba wajiandikishe kwa katibu leo, kabla ya chakula.