Gari Lenye Kelele Lina Neno

Nazungumza nanyi hapa Mutukula, pamoja na ndugu zetu mliovuka kutoka upande wa Tanzania, kwa niaba ya Jeshi la Polisi la Uganda.

Wahenga walisema, mwenye kelele hana neno. Leo naomba ruhusa ya wazee niseme kwamba gari lenye kelele lina neno, tena neno zito.

Alasiri moja, dereva wa teksi ya abiria 14 inayofanya safari kati ya Masaka na hapa mpakani alifika kituoni akiwa amefuatana na vijana watano. Alidai kwamba fundi wa ng'ambo amemharibia gari. Fundi huyo alikuwa amebadilisha oili na mkanda wa injini, na siku chache baadaye injini ikaanza kulia tik-tik-tik. Dereva aliamini kwamba ametiliwa oili chakavu na kufungiwa mkanda mbovu. Vijana walikwisha kuazimia kuvuka mpaka, wakamate vyombo vya fundi yule viwe fidia. Wote tunajua safari ya namna hiyo huishia wapi.

Tuliwasihi watulie, kisha tukamwomba dereva awashe gari. Injini ikanguruma vizuri, wala hapakuwa na sauti yoyote ngeni. Watu wakacheka, na mmoja akasema mlalamikaji ni mwongo. Hata hivyo, mkaguzi wetu wa magari hakucheka. Aliuliza swali moja: "Sauti hii huisikia saa ngapi?" Dereva akajibu kwamba huisikia alfajiri anapowasha gari, na pia anapopanda kilima akiwa na abiria wengi. Akiisha kwenda mwendo mfupi, hupotea.

Basi gari likalala kituoni. Kulipopambazuka, injini ikiwa baridi, likawashwa, na sote tukasikia: tik-tik-tik, ikienda upesi kila mafuta yalipokanyagwa. Mkaguzi akazima injini, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imefika alama ya juu, nayo bado ilikuwa safi. Halafu akaufungua mkanda na kuiwasha injini kwa muda usiotimia dakika moja. Sauti iliendelea vilevile. Kwa hiyo mkanda haukuwa na hatia, wala vyombo unavyovizungusha, yaani pampu ya maji na alternata.

Akaurudisha mkanda, akachukua kipande cha mpira wa maji, ncha moja sikioni, nyingine akaipitisha polepole kando ya injini bila kugusa kinachozunguka. Sauti ikawa kali mahali bomba la moshi linapoungana na injini. Alipomulika tochi, aliona masizi meusi pembeni mwa gasketi. Bolti mbili zilikuwa zimelegea na ya tatu imekatika. Moshi ulikuwa ukipenya hapo kwa kishindo kila silinda ilipoutoa. Chuma kikipata moto hutanuka, na kwa kutanuka kiliuziba ule mwanya; ndiyo maana mchana sauti ilinyamaza.

Hapo mkaguzi akauliza swali la pili: je, abiria huumwa kichwa? Dereva akanyamaza kidogo. Akakiri kwamba siku za mvua, madirisha yakifungwa, abiria wa viti vya mbele hulalamika kichwa na kichefuchefu, naye hudhani ni uchovu wa safari. Tulipoinua zulia la sakafu, tulikuta tundu la kutu.

Ndugu zangu, moshi wa injini una hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi wala harufu. Mtu akiivuta huingia katika damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Huleta maumivu ya kichwa, kizunguzungu, usingizi, na hatimaye kifo. Tulikuwa tukibishana juu ya mkanda, kumbe roho za watu 14 zilikuwa mashakani kila asubuhi ya mvua.

Dereva alivuka mpaka siku ileile, bila wale vijana. Alimwomba fundi radhi, na fundi yuleyule ndiye aliyefunga bolti mpya na gasketi mpya. Tundu la sakafu nalo likazibwa kabla gari halijapakia abiria tena.

Nawaachia mambo manne. Kwanza, gari likitoa sauti ngeni, tazama ni wakati gani: likiwa baridi au moto, likipanda au likishuka, ukikanyaga breki au ukikata kona. Maelezo hayo humsaidia fundi kuliko lawama. Pili, sauti iliyonyamaza yenyewe haijapona. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tatu, ukisikia injini ikigonga kwa kishindo kizito, au taa ya oili ikiwaka, simama mahali salama na uzime injini papo hapo. Nanyi abiria, mkiumwa kichwa pamoja garini, fungueni madirisha, mwambieni dereva asimame, mshuke mpate hewa safi.

La nne ni letu sote tunaoishi mpakani. Jambo kutokea baada ya jirani kupita si ushahidi kwamba jirani ndiye aliyelitenda. Fundi yule alishukiwa kwa sababu alikuwa wa mwisho kuligusa gari, na kwa sababu anaishi ng'ambo. Hizo zilikuwa sababu za kumuuliza, si za kumhukumu. Mkiwa na shaka, leteni kituoni shauri lenu kabla hamjashika fimbo. Mlango u wazi kwa raia wa pande zote mbili, na kusikilizwa hakulipiwi.

Nawatakia safari njema na ujirani mwema.