Dharura Haingoji Siku ya Kikao

(Mazungumzo ya Kamati ya Afya mbele ya wanachama na wageni, sherehe ya miaka kumi ya kikundi, Lionja)



Sisi wa Kamati ya Afya tulipangiwa tuzungumzie kazi ya daktari wa dharura na uongozi wa huduma hiyo, ili mabinti wa sekondari walioketi pale nyuma wasikie kwamba udaktari una njia nyingi. Mada tumeipokea. Ila tuseme mapema kwamba tutawapeleka mbali kidogo, mpaka Marekani, halafu tutarudi hapahapa kwenye sanduku letu lenye kufuli tatu, maana hoja yetu imo humo.

Daktari wa dharura si daktari wa ugonjwa mmoja. Wa macho anaangalia macho, wa mifupa anaangalia mifupa. Wa dharura anampokea yeyote aliyeletwa: mtoto mwenye degedege, mama anayetoka damu, kijana aliyeanguka na bodaboda. Kazi yake ni kutambua kwa dakika chache ni kitu gani kitamuua mtu huyu kwanza, akizuie hicho, mengine yafuate. Na kazi hiyo hainzii hospitalini. Inaanzia pale mtu alipoangukia, iwe shambani, barabarani au uani kwake.

Mtu aliyelielewa jambo hilo mapema alikuwa mwanamke. Jina lake Nancy Caroline, aliyezaliwa mwaka 1944. Ili kumwelewa, lazima tuseme kwanza habari za mji wa Pittsburgh. Miaka ya 1960, mtu akizidiwa katika mji ule alibebwa na gari la polisi, au na gari la wale wanaozika maiti, na humo ndani hakuna aliyejua hata namna ya kumweka apumue vizuri. Mwaka 1967 katika mtaa wa watu weusi uitwao Hill District likaanzishwa kundi la Freedom House. Walichukuliwa watu wa mtaa uleule, wengi wao hawana kazi, wakafundishwa chini ya Dkt. Peter Safar, ambaye ni mmoja wa waliotufundisha duniani njia ya kumpulizia mtu pumzi na kumkandamiza kifua. Katika miaka ya 1970 Nancy Caroline akawa daktari kiongozi wao. Hakukaa ofisini, bali alipanda gari pamoja nao, akawafundisha njiani. Mwaka 1975 serikali ya mji ilianzisha huduma yake yenyewe na Freedom House ikafungwa, lakini mafunzo aliyoyaandika yalitumika kuwafundisha wahudumu wa magari ya wagonjwa Marekani nzima.

Na msidhani huyu ni mtu wa mbali tu. Miaka ya 1980 alikuja Nairobi akafanya kazi na AMREF, wale Madaktari Warukao walioanza mwaka 1957 kwenda kwa ndege kuwafuata wagonjwa wasiofikiwa na barabara. Alifariki mwaka 2002.

Tukiulizwa sisi, jambo kubwa la Freedom House si magari. Ni kwamba waliofundishwa walikuwa watu wa mtaani, wanaojua nyumba ya nani iko wapi na njia ipi imeharibika. Hilo hata Lionja tunalo.

Kwa nchi yetu fani hii bado changa. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilifungua idara kamili ya dharura Januari 2010, na mwaka huohuo Chuo Kikuu cha Afya Muhimbili kikaanza kusomesha madaktari bingwa wa dharura. Wa kwanza walihitimu mwaka 2013, mmoja wao Dkt. Hendry Sawe, ambaye tangu hapo amefanya utafiti mwingi juu ya huduma hii hapa Tanzania. Kabla ya hao, mgonjwa mahututi alipokelewa na yeyote aliyekuwa zamu. Kwa hiyo binti anayetaka kuingia fani hii leo haingii mahali palipojaa.

Njia yenyewe ni ndefu, tusiwadanganye. Kidato cha sita kwa masomo ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, udaktari miaka mitano, mwaka mmoja wa kufanya kazi chini ya uangalizi, kisha ubingwa miaka mitatu. Lakini ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa mwaka 2016, ya cha tano na sita mwaka 2022, na si lazima kila mmoja awe bingwa. Muuguzi aliyesomea Ndanda, akasimama imara usiku katika chumba cha kujifungulia, naye yumo katika kazi hiihii. Wazazi, msichana akisema anapenda Baiolojia msimwambie hiyo ni ya wavulana.

Sasa tuje kwetu.

Mwaka 1994 wanawake wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika juu ya sababu za akina mama kufa kwa uzazi, wakazigawa katika kuchelewa kwa aina tatu. Kuchelewa kuamua nyumbani. Kuchelewa njiani. Kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Hilo la tatu ni la serikali na waganga, na wamelifanyia kazi: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikuta vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ukakuta 104. Ni hatua kubwa sana. Lakini yale mawili ya kwanza yanakaa kwetu, na damu ya uzazi ikifunguka vibaya inaweza kummaliza mama kwa muda wa saa mbili tu. Mnajua saa mbili zinavyopita hapa mtu akisubiri baba wa mtoto arudi kutoka shamba ndipo aseme ndiyo.

Kwa njia, upo mpango wa m-mama. Ulijaribiwa kwanza Sengerema na Shinyanga, na Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kitaifa Aprili 2022 kule Dodoma. Unapiga namba 115, haikatwi salio. Anayepokea ni mtu aliyefundishwa, anauliza maswali yake, anatafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na likikosekana anampigia dereva wa kawaida aliyeandikishwa na mpango, ambaye akimfikisha mgonjwa analipwa kwa simu. Mama mwenyewe halipi. Wenzetu, iandikeni namba hiyo ukutani kwa mkaa kama hamna kalamu. Na anayepiga asikate simu kwa woga. Aseme kijiji, kitongoji, na alama ya mahali, mwembe upi, msikiti upi.

Lakini m-mama ni ya mama mjamzito, aliyejifungua karibuni, na mtoto mchanga. Mzee aliyeumwa na nyoka kwenye palizi, mtoto wa miaka mitatu mwenye degedege, kijana aliyeanguka kutoka juu ya mkorosho, hao gari lao linatafutwa na ndugu.

Wakati gari linatafutwa kuna mambo ya kufanya, na hapa tutakaa kidogo, maana mengine yanayofanywa vijijini yanaua. Mama akijifungulia nyumbani, asivutwe kitovu ili kondo litoke. Likiisha kutoka na damu inaendelea, sugua tumbo chini ya kitovu mpaka mji wa mimba uwe mgumu kama ngumi, mwambie akojoe, mtoto anyonye, na safari iendelee palepale, kusugua hakuchukui nafasi ya hospitali. Mtoto mchanga akaushwe, alazwe kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, afunikwe kichwa. Mwenye degedege alazwe ubavu, asitiwe kijiko mdomoni wala asimwagiwe kitu puani. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza. Mvue bangili na pete, mfungie mguu au mkono kwenye kijiti usicheze, na asitembee. Aliyeanguka kutoka mtini asiinuliwe kukalishwa ili "tumwone kama mzima". Wamshike watu wanne au watano kwa pamoja, kichwa na shingo vinyooke na mwili, alazwe kwenye ubao au mlango uliong'olewa. Huyo asipandishwe bodaboda katikati ya watu wawili, hata kama ndiyo usafiri wa haraka uliopo. Damu inayoruka kwenye jeraha, kandamiza kwa kitambaa safi bila kuachia. Usiwe unafunua kila mara kuangalia.

Ndugu Mwenyekiti, sasa sanduku.

Utaratibu wetu wa kuweka na kukopa haukuanzia hapa. Mfano wake ulianza Maradi, nchini Niger, mwaka 1991, kwa akina mama waliosaidiwa na shirika la CARE, ukaenea Afrika. Sanduku, kufuli tatu, washika funguo watatu wasiotoka nyumba moja, na fedha haitoki ila mbele ya kikao. Ni utaratibu mzuri mno. Umetulinda miaka kumi na hakuna aliyelala na njaa kwa sababu ya wizi wa mwenzake. Pamoja na hisa tuna mfuko wa jamii, ambao kila mwanachama anachangia kila wiki kwa ajili ya ugonjwa na msiba.

Lakini tuulizane kwa ukweli. Mfuko huo wa ugonjwa umefungiwa ndani ya kufuli zilezile. Kikao ni mara moja kwa wiki, mchana. Mtu akizidiwa usiku wa siku ya pili baada ya kikao, mfuko wa jamii unaweza kumsaidia kwa sanda. Kwa nauli hauwezi. Tena angalieni majira. Miezi ya mvua ndiyo njia mbaya, ndiyo nyoka wengi, na ndiyo miezi ambayo mifukoni hamna kitu, korosho zimekwisha kuuzwa na ufuta bado uko shambani. Dereva naye anataka mafuta kwanza.

Hoja ya Kamati ni hii. Shilingi 100,000 za mfuko wa jamii zitolewe sandukuni, ziwekwe katika laini ya simu ya kikundi, anayeishika awe mhazini. Ikitokea dharura, mhazini apigiwe, apate idhini ya mshika funguo mmoja kwa simu, saa yoyote, amtumie dereva fedha moja kwa moja na si mgonjwa. Kiwango kwa safari moja kisizidi 50,000. Isiwe mkopo, isiwe na riba. Kikao kinachofuata hesabu isomwe na ujumbe wa simu uonyeshwe, kisha kiasi kilichotoka kirudishwe kutoka kwenye michango. Na kila kitongoji kiandike madereva wawili waliokubali kuamshwa usiku, wenye bei iliyokwisha kupatanwa mchana, siyo ile ya saa nane za usiku mtu analia.

Wapo waliotuambia kwamba watu watasingizia dharura. Inawezekana. Ndiyo maana fedha inakwenda kwa dereva, na dereva anajulikana alimpeleka nani na wapi. Wapo waliosema mama wa jirani asiye mwanachama asihusike. Hapo Kamati yenyewe haikuafikiana: baadhi yetu tunaona asaidiwe kisha jamaa zake walipe, wengine wanaona tuanze na wanachama na watoto wao kwa mwaka mmoja kwanza. Hilo tunawaachia ninyi.

Ndugu Mwenyekiti, karatasi za hoja ziko kwa Katibu, na namba 115 tumeiandika juu kwa herufi kubwa ili hata asiyetaka kuisoma hoja aondoke nayo. Tunaomba hoja ipigiwe kura leo, kabla ya pilau.