Jarari: Kamba Inayotweka Tanga na Kuulinda Mlingoti

Matini ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wavuvi, mafundi wa vyombo na vijana wa madikoni

 

Mazungumzo haya yanahusu kamba moja. Akiulizwa kijana wa Kojani au wa Kisiwa Panza ni kitu gani kinachousimamisha mlingoti wa mashua, huenda akajibu kuwa ni fundi aliyeukita. Jibu hilo ni sahihi chombo kikiwa kimetulia pwani. Kikishatoka nje ya mwamba na tanga likajaa upepo, kinachouzuia mlingoti usivunjike ni, kwa sehemu kubwa, jarari: kamba ile ile iliyotumika kulitweka tanga.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kuanza juu na kushuka. Mlingoti wa jahazi haukusimama wima. Umeinama kidogo kuelekea omo, ili foromali ipate kuning'inia mbele yake bila kuukwaruza. Foromali ni mti mrefu, aghalabu kuliko mlingoti wenyewe, na katika vyombo vikubwa huwa ni miti miwili iliyounganishwa kwa kamba. Tanga hufungwa kandokando yake, na pembezoni hushonewa dasi ili kitambaa kisichanike. Pembe ya chini ya mbele, yaani goshi, hufungwa omo. Pembe ya nyuma hushikwa kwa demani, na mwenye kuishika demani ndiye anayeamua tanga lipokee upepo kiasi gani.

Foromali hubebwa na kamba nene iitwayo henza. Kamba hiyo hupita katika ncha ya mlingoti, kisha hushuka upande wa nyuma, na mwishoni mwake huning'inia gofia. Jarari huzunguka baina ya gofia hiyo na abedari iliyofungwa chini chomboni. Ikipita mara nne, uzito wa foromali hugawanyika mara nne. Gharama yake ni urefu, kwani mabaharia huvuta pima nne ili foromali ipande pima moja. Hapo ndipo nyimbo za kutwekea matanga zilipopata kazi yake, na si vibaya vijana wakazijua.

Baada ya tanga kutwekwa, jarari haifungwi popote pale. Hufungwa nyuma ya mlingoti, upande wa joshi, yaani utokako upepo. Upepo unapoisukuma foromali na kuuinamisha mlingoti upande wa demani, jarari huuvuta kinyume. Kamba moja, kazi mbili.

Mashaka huja wakati wa kugeuka. Vyombo vya Ulaya vya zamani vyenye foromali fupi inayokaa nyuma ya mlingoti huweza kuelekeza omo kwenye upepo na kuvuka, tanga likahamia upande wa pili lenyewe. Jahazi halina fursa hiyo. Likivushwa kwa joshi, tanga hugandamizwa kwenye mlingoti na chombo hurudi kinyumenyume. Baadhi ya vyombo vidogo huvumilia hali hiyo kwa muda mfupi. Jahazi lenye shehena halivumilii. Kwa hiyo hupinduliwa kwa demani. Nahodha huuacha upepo uje tezini, demani hulegezwa, na tanga hupepea mbele kama bendera. Mabaharia huivuta ncha ya chini ya foromali hadi shinani mwa mlingoti ili isimame wima, huipitisha upande wa pili, na demani huzungushwa mbele ya vyote. Alan Villiers, baharia wa Australia aliyekuwa amezoea merikebu za matanga ya mraba, alifika Zanzibar mwaka 1939 ndani ya jahazi la Kuwait, ambako kazi hii ilihitaji mabaharia wengi. Katika mashua ya Pemba huenda wapo watatu tu.

Katikati ya shughuli hiyo jarari nayo lazima ihamishwe, kwa kuwa joshi ya zamani sasa imekuwa demani. Wakati wake ni pale upepo ungali tezini na tanga bado halijajaa. Akisahau aliyepewa kazi hiyo, tanga litajaa huku mlingoti hauna kinachoushika.

Mlingoti ukivunjika katika mkondo wa Pemba, nanga haisaidii, kwani maji yana kina cha mamia ya mita, na mkondo wa bahari hukichukua chombo kuelekea kaskazini, Kenya. Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotangaza upepo wa kilomita 40 kwa saa, yafaa nahodha akumbuke kwamba nguvu ya upepo haiongezeki sambamba na kasi yake. Upepo wa kilomita 40 husukuma tanga mara nne kuliko ule wa 20, na mzigo huo wote hufika kwenye kamba na mti vile vile.

Jambo la mwisho ni kamba zenyewe. Kamba ya makumbi hutangaza uchakavu wake: huchambuka, ikaonekana. Kamba ya nailoni ina nguvu zaidi ikiwa mpya, lakini jua huidhoofisha taratibu, na msuguano ndani ya gofia huweza kuiyeyusha nyuzi zake pale pasipoonekana. Fundi wa kalafati huja chombo kinapopandishwa pwani. Jarari haina msimu wa kumngoja. Kabla kusi haijashika, inatosha kuishusha foromali mchangani, kuitoa jarari yote, kuipitisha mkononi pima kwa pima, kisha kuirudisha kwa kugeuza ncha, ili sehemu iliyokuwa ikisagwa katika gofia ipumzike. Palipokuwa pagumu na pa kung'aa pakatwe. Kipande kilichobaki hakitupwi. Bado kinafaa kufungia mtumbwi.