Pasaka na Swali la Nani Hayupo

(Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wazee, viongozi wa vikundi na waumini wa Methodist wa Pwani, katika kipindi cha Kwaresima.)



Nimeombwa nizungumze juu ya maisha ya jumuiya ya Wamethodisti wakati wa Pasaka. Nashukuru kwa heshima hiyo. Ratiba ya juma lenyewe sina haja ya kuwafundisha, kwani mnaijua kuliko mimi. Jumapili ya Mitende watoto hutangulia mbele wakipunga makuti mabichi. Alhamisi Kuu tunakaribia Meza ya Bwana. Ijumaa Kuu tunakaa kitako kwa saa nyingi, tukiyasikiliza maneno ya msalabani na kuyatafakari. Jumapili, kabla jua halijachomoza, kwaya zimekwisha kusimama, na akina mama wa ushirika wamevaa sare zao zilizopigwa pasi tangu jana. Jumatatu ni siku ya vijana, nyimbo, michezo na chakula cha pamoja. Waliohamia mijini hurudi nyumbani, na benchi ambalo mwezi mzima lilikuwa na watu wanne hubeba watu saba.

Ni jambo jema, nasi hatuna budi kulifurahia. Lakini kanisa lililojaa siku moja bado halijathibitisha kwamba ni jumuiya. Hata kituo cha basi hujaa wakati wa sikukuu. Watu wanaweza kukaa bega kwa bega, wakaimba wimbo mmoja, kisha wakaachana bila yeyote kujua kwamba jirani yake hajala tangu juzi. Basi mimi nataka tuizungumze Pasaka kwa njia ya swali moja tu: baada ya kuwahesabu waliokuja, ni nani hayupo?

Swali hilo sikulibuni mimi. Limo katika habari ya Pasaka yenyewe. Injili ya Yohana yasimulia kwamba jioni ya siku ile ya kwanza wanafunzi walikuwa wamejifungia ndani kwa hofu, na Bwana akasimama katikati yao. Lakini mmoja wao hakuwapo. Ni Tomaso. Tumezoea kumlaumu Tomaso kwa sababu ya shaka yake, tukasahau kuwatazama wenzake. Wao hawakusema, "Shauri yake, furaha yetu imetimia." Walimtafuta, wakamwambia waliyoyaona. Alipowakatalia hawakumfukuza, na baada ya siku nane Tomaso alikuwa ndani pamoja nao. Ndugu zangu, Pasaka ya Tomaso ilikuja juma moja baada ya Pasaka ya wengine. Ilikuja kwa kuwa kikundi chake kiliona pengo, na kilimvumilia mwenye shaka mpaka pengo likazibwa.

Sasa niwakumbushe jambo la historia yetu wenyewe. Mwaka 1739 John Wesley na wafuasi wake walianza kujenga nyumba ya ibada katika mji wa Bristol, Uingereza. Ujenzi ukaleta deni. Mwezi wa Februari 1742 walikutana kushauriana namna ya kulilipa. Mtu mmoja aliyejulikana kwa jina la Kapteni Foy akatoa shauri: kila mwanachama atoe peni moja kila juma mpaka deni liishe. Mwingine akapinga, akasema kwamba wengi ni maskini na hiyo peni moja hawana. Foy akajibu kwamba yeye apewe watu kumi na mmoja walio maskini kuliko wote. Atawatembelea kila juma. Atakayeweza kutoa, vema. Asiyeweza, yeye Foy atamtolea kutoka mfukoni mwake. Kisha akawataka wengine nao wafanye vivyo hivyo.

Shauri lilikubaliwa. Lakini wale waliokwenda nyumba hadi nyumba kupokea peni waliyakuta mambo ambayo kanisani hayakuonekana. Huyu alikuwa amerudia ulevi, yule alikuwa na ugomvi na mkewe, mwingine alikuwa mgonjwa na hakuna aliyejua. Wesley alipopata habari hizo alitambua mara moja kwamba amepata kitu chenye thamani kuliko fedha. Tangu hapo kila kikundi cha watu kama kumi na wawili kikawa darasa, na aliyekuwa mpokea fedha akawa mlezi wa roho na wa maisha. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa darasa la Kimethodisti, ambalo ndilo uti wa mgongo wa kanisa hili.

Tazameni basi mwendo wa jambo hilo. Babu zetu wa imani walianza na mchango, wakafika kwenye matunzo. Nami nauliza kwa heshima zote, je, sisi hatupiti njia hiyo hiyo kinyumenyume? Je, hatuanzi na matunzo tukaishia kwenye mchango?

Nasema hivi kwa sababu kila mmoja wetu anajua mambo yanayotokea Pasaka inapokaribia. Kuna mchango wa sikukuu, mchango wa sare mpya ya kwaya, mchango wa usafiri, mchango wa kumpokea mgeni wa heshima, na juu ya yote sadaka ya shukrani. Majina husomwa hadharani pamoja na kiasi cha fedha. Mwenye nyingi hupigiwa makofi. Mwenye kidogo husomwa haraka haraka. Asiye na kitu husikia ukimya, na ukimya huo humchoma kuliko tusi. Mwaka unaofuata haji. Atasema ana kichwa, atasema amesafiri, atasema mvua imemzuia. Ukweli ni kwamba ameogopa kuaibishwa katika nyumba ya Baba yake.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba michango ni dhambi. La hasha! Kanisa lisilojitegemea ni kanisa la kupanga. Thomas Wakefield alipofika pwani hii mwaka 1862, akiongozana na Ludwig Krapf, na kazi ikaanzishwa Ribe, gharama zilitoka Uingereza. Wageni wale walilipa pia kwa maisha yao. Butterworth alifariki mwaka 1864, muda mfupi tu baada ya kuwasili. Rebecca, mke wa Wakefield, alifariki Ribe mwaka 1873. Charles New, aliyefika mwaka 1863 na akapanda Kilimanjaro hadi penye theluji mwaka 1871, alifariki mwaka 1875. Lakini Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na mwenye nyumba je, yeye atangoja nani amlimie? Mwaka 1967 Kanisa la Methodist la Kenya lilianza kujitawala, na tangu siku hiyo jembe limo mikononi mwetu. Shule, Hospitali ya Maua kule Meru, na Chuo Kikuu cha Methodist kilichoanzishwa mwaka 1997 haviwezi kuendeshwa kwa nyimbo peke yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Ninalosema ni hili: Foy hakufuta mchango. Alibadili swali lake. Hakuuliza, "Nani hajatoa, tumtangaze?" Aliuliza, "Nani hawezi, nimsaidie?" Maswali hayo mawili hufanana kwa mbali kama pacha, lakini moja hujenga kanisa na jingine hulibomoa.

Wako watakaosema kwamba mambo ya vikundi vidogo ni mambo ya sala tu, hayana nguvu katika maisha ya nchi. Historia yakataa. Katika kijiji cha Tolpuddle, kusini ya Uingereza, vibarua wa mashambani walikuwa wakilipwa shilingi saba kwa juma, na wakatishiwa kupunguziwa hadi sita. Baadhi yao waliungana katika chama cha kutetea ujira wao. Kiongozi wao, George Loveless, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti asiye mchungaji, kibarua kama wenzake. Watu sita walikamatwa na kushitakiwa kwa kosa la kuapishana kwa siri, chini ya sheria iliyotungwa mwaka 1797 kwa ajili ya maasi ya wanamaji. Katikati ya mwezi wa Machi 1834 walihukumiwa kupelekwa Australia kwa miaka saba. Mwaka ule Pasaka iliangukia tarehe 30 Machi. Fikirini basi Pasaka ilivyokuwa katika nyumba zile, chakula hakuna na mwenye nyumba yuko kifungoni akingoja meli.

Wafanyakazi wa Uingereza hawakunyamaza. Waliandamana London kwa maelfu, wakakusanya saini na fedha za kuzitunza familia zile, na mwaka 1836 wafungwa wale walisamehewa. Je, Loveless alijifunza wapi kusimama mbele ya watu na kusema, kuandaa mkutano, na kushika ahadi? Kwa sehemu kubwa alijifunza katika maisha ya kanisa dogo la kijijini, ambako mtu asiye na shamba wala cheo alipewa nafasi ya kunena na wenzake wakamsikiliza. Kikundi kidogo kinachomjua kila mtu kwa jina ni chuo cha uongozi. Ndiyo maana TANU nayo, katika miaka ya 1960, iliona haja ya kuwa na mabalozi wa nyumba kumi kumi. Na hapa Kenya mpango wa Nyumba Kumi uliletwa mwaka 2013. Kila mwenye kutaka kujenga umma hufika mwisho mahali pale pale, mlangoni kwa jirani.

Ndugu Mwenyekiti, maneno matupu hayavunji mfupa. Naomba nitoe mashauri manne ya kutekelezwa Pasaka hii.

Kwanza, kabla ya Jumapili ya Mitende, kila kiongozi wa darasa akae na kikundi chake, waandike majina ya wale ambao hawajaonekana tangu Krismasi. Kila jina lipewe watu wawili wa kulitembelea. Wanaokwenda wasibebe bahasha wala kitabu cha risiti. Wabebe salamu, na ikiwezekana kibaba cha unga.

Pili, usomaji wa majina na viwango vya fedha ukome. Itangazwe jumla iliyopatikana, na Jumatatu ya Pasaka mweka hazina atoe hesabu wazi ya kila shilingi ilivyotumika mwaka uliopita. Muumini ana haki ya kujua fedha imekwenda wapi. Hana haja ya kujua jirani yake ametoa kiasi gani. Desturi yetu ya sasa yafanya kinyume: mfuko wa maskini umewekwa wazi, na mfuko wa kanisa umefungwa.

Tatu, tukumbuke kwamba Pasaka huja wakati wa masika. Mapema kabisa ni tarehe 22 Machi na mwisho kabisa ni tarehe 25 Aprili, yaani katika siku zile zile ambazo mkulima hutazama mawingu. Yupo mjane ambaye shamba lake halijatifuliwa kwa kuwa hana nguvu wala fedha za vibarua. Vijana wetu wana nguvu, na Jumatatu hiyo hawaendi kazini. Naomba asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka iwe ya jembe, na alasiri iwe ya nyimbo na michezo. Mahindi yatakayoota pale yatahubiri habari ya ufufuo hata kwa asiyejua kusoma.

Nne, sare isiwe kizuizi. Dada yetu asiye na fedha za sare na aimbe na leso yake. Wanawake waliokwenda kaburini alfajiri ile hawakuulizwa wamevaa nini. Walikuwa wamebeba manukato ya kumhudumia mtu waliyemdhani amekufa, na wao ndio waliokuwa wa kwanza kupewa habari njema. Walikwenda kutunza, wakakuta uzima.

Najua kutakuwa na upinzani. Wengine watasema kwamba majina yasiposomwa, fedha zitapungua. Huenda zikapungua kwa mwaka mmoja. Lakini mtu aliyetembelewa akiwa mgonjwa hahitaji kipaza sauti ili akumbuke kanisa lake. Na yule aliyekimbia kwa aibu, akirudi, hurudi na mikono yake, watoto wake na uaminifu wake. Hasara ya kweli ni kiti kilichobaki kitupu mwaka hadi mwaka, na sisi tukazoea utupu wake.

Kwa hiyo basi, ndugu zangu, tuimbe Pasaka hii kwa sauti kuu. Charles Wesley, ndugu yake John, alituachia wimbo wa Pasaka uliochapishwa tangu mwaka 1739, na makanisa ya dunia nzima bado yanauimba. Tukishauimba, tutazame kulia na kushoto. Halafu tungoje Jumapili inayofuata, ile ya siku nane, Jumapili ya Tomaso, wageni watakapokuwa wamerudi mijini na mapambo yameondolewa. Siku hiyo ndiyo tuhesabu watu. Ikiwa hata mmoja ambaye hakuwapo Pasaka atakuwa amekaa kati yetu kwa sababu tulimfuata, basi tutakuwa tumeiadhimisha.