Bandama Iliyozidisha Kazi: Kisu, Matundu au Mrija?

Mada kwa maafisa wa kliniki na wahudumu wa afya ya jamii, Samburu, Kaunti ya Kwale

Mgonjwa huyu mnamjua. Ukimlaza chali na kupapasa chini ya mbavu za kushoto, vidole vinakutana na ukingo mgumu ulioteremka kuelekea kitovuni. Damu ikipimwa, chembe nyekundu, nyeupe na zile za kugandisha zote zimepungua. Bandama imekuwa kubwa mno na inaharibu hata chembe zilizo nzima.

Si kila bandama kubwa ni ya kupasuliwa. Ile iliyovimba kwa sababu ya malaria ya miaka na miaka hunywea kwa dawa ya kukinga malaria, kama proguanili, ikitumiwa kwa miezi mingi. Muulizeni pia mgonjwa amewahi kuishi wapi. Kichocho cha Kwale ni cha mkojo. Kile cha utumbo, kinachotia ini makovu na kuvimbisha bandama, huenda alikipata Machakos au kando ya Ziwa Victoria.

Dawa zikishindwa, ndipo tunalinganisha njia tatu. Upasuaji wa kufungua tumbo unaacha kovu refu, lakini chembe za kugandisha hupanda ndani ya siku chache. Upasuaji wa matundu hupunguza maumivu na mgonjwa hurudi nyumbani mapema, ingawa bandama kubwa sana humtoa daktari jasho na pengine akalazimika kufungua tumbo vilevile. Udogo wa kidonda usitupumbaze: kwa njia zote mbili, bandama inatoka nzima. Mwaka 1952 madaktari King na Shumacker wa Marekani walieleza habari za watoto wachanga waliotolewa bandama kisha wakashikwa na maambukizi makali. Tangu hapo tunajua kwamba homa ya mtu asiye na bandama ni dharura, naye anaishi kwetu, penye mbu.

Njia ya mrija ni nyingine kabisa. Mgonjwa hutiwa ganzi kwenye kinena tu. Mrija mwembamba huingizwa katika ateri ya paja, ukaongozwa kwa eksirei hadi ateri ya bandama, kisha chembechembe ndogo huziba baadhi ya matawi yake. Lengo ni kuua asilimia 50 hadi 70 ya bandama na kubakiza sehemu ya kulinda mwili. Homa na maumivu ya ubavu hufuata kwa siku kadhaa. Ukizidisha kuziba, usaha hujikusanya. Baadhi ya wagonjwa hurudia hali yao baadaye. Kisha kuna mashine na mtaalamu, ambavyo hospitali nyingi za kaunti hazina.

Kwa maoni yangu, mtu mzima mwenye ini bovu, ambaye kisu kinaweza kummaliza, apelekwe kwenye mrija hata kama ni mbali. Mtoto wa seli mundu ambaye bandama yake imenasa damu ghafla mara mbili, nisingembakizia nusu, itolewe. Kabla ya hapo, mama yake afundishwe kuipapasa kila siku, kama walivyofundishwa wazazi wa Jamaika, na vifo vikapungua.

Kutoka hapa Samburu, barabara kuu hurahisisha rufaa ya kwenda Mombasa kuliko ya kwenda hospitali ya Msambweni. Kwa vyovyote, barua ionyeshe tarehe za chanjo za nimokokasi, meningokokasi na Hib, zikamilike angalau wiki 2 kabla ya kisu. Nayo zahanati itakayompokea akirudi ihakikishe ina penisilini ya kumpa mwezi baada ya mwezi, pamoja na kinga ya malaria.